Kanuni za uganga wa laiboni

Laiboni (kwa Kimaasai: oloiboni, wingi: iloibonok) ni mganga na mtabiri wa Wamasai na wa jamii zinazoshirikiana nao katika mila za marika, wakiwemo Waarusha wanaoishi kwenye miteremko ya kusini na magharibi ya Mlima Meru nchini Tanzania. Kazi yake ni kuuliza mambo yaliyofichika, kueleza chanzo cha mkosi, kutoa kinga na kuelekeza mahali na wakati wa sherehe kubwa.

Makala hii inahusu hasa kanuni za uganga huo: nani anaweza kuwa laiboni, nani anaruhusiwa kumwuliza nini, uwezo wake unakomea wapi, na sheria ya nchi inasema nini juu yake. Kanuni hizo hazikuandikwa popote na wenyewe, bali hupokezwa kwa mdomo. Sehemu kubwa ya yale yanayojulikana kwa maandishi yametokana na Alfred Claud Hollis, ofisa Mwingereza aliyetoa kitabu juu ya Wamasai mwaka 1905, na baadaye wataalamu kama Philip Gulliver, aliyefanya utafiti kati ya Waarusha katika miaka ya 1950, Paul Spencer na Dorothy Hodgson.

Laiboni si mfalme

Ni kosa la kawaida kumwita laiboni mkuu "chifu" au "mfalme wa Wamasai". Kosa hilo lilienezwa na serikali za kikoloni, ambazo zilitafuta mtu mmoja wa kutia sahihi mikataba. Waingereza walimtambua laiboni Lenana kuwa chifu mkuu, na jina lake limo katika mkataba wa mwaka 1904 ulioanza kuwahamisha Wamasai wa Kenya kutoka katika malisho yao.

Katika mila yenyewe, mambo ya kila siku huamuliwa na wazee wakiwa mkutanoni na na wasemaji wa marika, yaani malaigwanani. Laiboni hahukumu kesi ya mpaka wa shamba wala ya mahari. Akiulizwa hujibu, na asipoulizwa hana amri ya kutoa. Hata wamorani waliokuwa wakienda vitani zamani walikwenda kwake kuomba ruhusa na dawa, lakini vita viliongozwa na wenyewe.

Ukoo na vyombo

Kanuni ya kwanza ni ya damu. Laiboni wa kweli hutoka katika nasaba ya Inkidongi, ambayo ni tawi la ukoo wa Laiser. Uwezo hupita upande wa baba, ingawa mtoto wa laiboni hawi laiboni kwa kuzaliwa tu: hufundishwa majani, mizizi na hesabu ya mawe, tena wengine hawafiki mbali. Mtu wa ukoo mwingine anaweza kujua dawa nyingi za miti, akawa tabibu mzuri, wala asiitwe laiboni.

Asili ya nasaba hiyo husimuliwa hivi: zamani watu wa Laiser walimkuta kiumbe mdogo ameketi peke yake vilimani, wakadhani ni mtoto aliyepotea, wakamchukua na kumlea. Kumbe alikuwa na uwezo usio wa kawaida. Masimulizi mengi huvitaja vilima vya Ngong, karibu na Nairobi ya leo. Jambo la kuangalia hapa ni kwamba laiboni wa kwanza ni mgeni aliyepokelewa. Hadi leo Inkidongi huheshimiwa na kuogopwa kwa pamoja, na kwa desturi wengi wao wamekaa katika vijiji vyao, kando kidogo ya watu wengine.

Jina la nasaba linahusiana na chombo chao kikuu, enkidong, yaani kibuyu au pembe inayotiwa vijiwe. Hollis alitaja njia nne za kuuliza. Ya kwanza ni hiyo ya vijiwe: laiboni hutikisa pembe ya nyati au ya ng'ombe, humwaga vijiwe, huvihesabu na kusoma maana ya idadi iliyotoka. Ya pili ni kuchunguza matumbo ya mbuzi aliyechinjwa. Ya tatu ni maneno anayoyatoa akiwa amelewa pombe ya asali, na ya nne ni ndoto. Kati ya hizo, vijiwe ndivyo vinavyotajwa zaidi katika maandishi ya baadaye.

Baada ya kuuliza hufuata kinga. Kwa Kimaasai kinga huitwa entasim, nayo inaweza kuwa unga wa kupaka, dawa ya kunyunyiza boma, au kitu cha kuvaa mwilini. Mtu hupewa pamoja na masharti ya kuitumia.

Mbatian na wanawe

Laiboni maarufu kuliko wote ni Mbatian, mwana wa Supeet, aliyefariki mnamo mwaka 1890. Hukumbukwa kwa kutabiri kwamba ng'ombe watakwisha na watu watakufa kwa ugonjwa. Muda mfupi baada ya kifo chake tauni ya ng'ombe iliwamaliza mifugo, ikafuatwa na ndui na njaa. Wamasai huuita wakati huo Emutai, maana yake kumalizwa kabisa.

Kisa cha urithi wake kinaonyesha kanuni kuliko maelezo mengi. Mbatian, akiwa mzee mwenye jicho moja tu, alimwambia mwanawe mkubwa Sendeyo aje asubuhi apokee vyombo vya uganga. Mdogo wake Lenana alikuwa amejificha kwenye zizi la ndama akasikia. Alfajiri akatangulia. Mzee, asiyeona vizuri, akamkabidhi rungu la chuma, pembe ya dawa, kibuyu, vijiwe na mfuko, akambariki awe mkubwa kati ya ndugu zake. Sendeyo alipofika, kazi ilikuwa imekwisha.

Msomaji wa Biblia atakumbuka mara moja habari za Yakobo na Esau, na kuna wanaodhani kisa kimechanganyika na mafundisho ya wamisionari. Hata ikiwa hivyo, kanuni iliyomo inabaki: baraka na vyombo vikishatolewa havirudishwi, hata kama vimechukuliwa kwa hila. Sendeyo hakudai kwamba tendo la baba yake ni batili. Alidai vita. Wafuasi wa ndugu hao wawili walipigana kwa miaka, Sendeyo akiwa upande wa koloni la Wajerumani na Lenana upande wa Waingereza, mpaka Sendeyo alipoomba amani mwaka 1902. Lenana alifariki mwaka 1911. Vilele vya Mlima Kenya vimepewa majina ya familia hiyo: Batian, chenye urefu wa mita 5,199, ndicho kirefu kuliko vyote.

Nani anauliza nini

Kuna tofauti kubwa kati ya laiboni mkuu na malaiboni wadogo. Laiboni mdogo huulizwa na mtu binafsi: mke asiyepata mtoto, mwenye ng'ombe wanaotupa mimba, kijana anayetaka safari njema. Laiboni mkuu huulizwa na rika zima. Kwa jambo la rika, mtu mmoja hawezi kujiendea tu. Hutumwa ujumbe rasmi unaoitwa olamal. Wajumbe hupeleka zawadi, hueleza haja yao, kisha hurudi na maagizo: sherehe ifanyike wapi, mwezi gani, mnyama wa rangi gani achinjwe, na kinga gani itumike.

Mfano mzuri ni eunoto, sherehe inayowapandisha wamorani kuelekea uzee. Haifanyiki bila maelekezo ya laiboni. Kwa Waarusha kuna hatua moja zaidi. Wao ni wakulima, waliohamia chini ya Meru katika miaka ya 1830 kutoka Arusha Chini, lakini marika yao hufuata yale ya Wamasai wa Kisongo, kama vile Seuri, Makaa, Landis na Korianga. Wameru wa upande wa mashariki, ambao lugha yao ni ya Kibantu na inakaribiana na Kichagga, nao walichukua mfumo wa marika kutoka kwa Waarusha katika karne ya 19. Kwa njia hiyo neno la laiboni aliyeko kwenye nyika za Monduli liliweza kugusa maisha ya mkulima wa ndizi ambaye hakuwahi kumwona.

Malipo nayo yana taratibu. Zamani yalikuwa ng'ombe, mbuzi na asali. Siku hizi ni fedha pia. Utajiri wa malaiboni wakuu ulitokana na zawadi hizo, na wake wengi na mifugo mingi vilihesabiwa kuwa ushahidi wa uwezo. Lakini watu wana njia yao ya kumdhibiti. Laiboni ambaye maagizo yake yanaleta hasara hupoteza wajumbe. Rika linaweza kugeukia mwingine wa nasaba hiyohiyo. Spencer alionyesha pia kwamba tuhuma za uchawi huangukia zaidi Inkidongi wenyewe, kwa sababu ajuaye kufungua hudhaniwa anajua kufunga. Laiboni mkuu hutegemewa awakinge watu dhidi ya hila za ndugu zake. Ni kazi ngumu.

Laana si uchawi

Wanafunzi wengi huchanganya mambo mawili ambayo Waarusha na Wamasai huyatenganisha kabisa. Uchawi hufanywa kwa siri na ni uovu. Laana, oldeket, hutamkwa na mwenye haki ya kuitamka, naye ana sababu inayojulikana. Baba anaweza kumlaani mwana aliyemdharau. Wazee wa rika linaloitwa olpiron, wale waliowawashia vijana moto wa rika lao, wanaweza kuwalaani vijana hao. Kijana hana laana dhidi ya mzee.

Laana haihitaji vijiwe wala dawa, na laiboni hana mamlaka nayo. Hutiwa nguvu na kosa lenyewe: asiyekosa haimpati. Aliyelaaniwa hana haja ya mganga bali huenda kwa aliyemlaani, pamoja na kondoo na wazee wa kumsindikiza, kuomba msamaha. Akisamehewa hubarikiwa kwa mate, maziwa au pombe ya asali. Ndiyo sababu mabaraza ya wazee yameweza kuishi mjini Arusha kandokando ya mahakama. Kijana anayejua kwamba babaye mkubwa yupo Ilboru na kinywa chake kipo, hafanyi haraka kukana deni.

Wafu na pepo

Kwa mila ya Wamasai, Mungu ni mmoja, Engai. Husemwa kuwa mweusi anapoleta mvua na mwekundu anapokasirika. Mlima wa volkeno Ol Doinyo Lengai, "Mlima wa Mungu", wenye mita 2,962, umepewa jina lake. Wafu wa kawaida hawakuwa na nafasi kubwa katika imani hiyo, tofauti na majirani wao wengi. Kwa laiboni na tajiri ilikuwa vingine: walizikwa, wapita njia wakaongeza jiwe juu ya kaburi, na ilisemwa kwamba roho yake hugeuka nyoka anayekwenda kwenye boma la watoto wake kuwalinda. Nyoka wa namna hiyo hakuuawa.

Kwa kuwa pepo hazikuwa sehemu kubwa ya mila, tatizo lilitokea zilipokuja. Tangu miaka ya 1950 wanawake wengi wa Kimasai nchini Tanzania walianza kupatwa na hali iliyoitwa orpeko: kutetemeka, kuwaka moto tumboni, ndoto mbaya, kuanguka. Ilielezwa kuwa pepo kutoka nje ya Umasai, hata wengine waliliita kwa neno la Kiswahili, shetani. Waume waliwapeleka wake zao kwa malaiboni, lakini vijiwe na entasim havikufaa. Ilikubalika polepole kwamba dawa ni moja, ubatizo. Wanaume waliokuwa wamewakataza wake zao kwenda kanisani wakalazimika kuwaruhusu.

Hodgson, aliyechunguza habari hizo katika maeneo ya Monduli na jirani, aliona kwamba orpeko iliwapa wanawake mlango wa kujenga jumuiya yao wenyewe wakati ambapo mamlaka ya wanaume ilikuwa inaongezeka. Wengine watapenda maelezo ya kitabibu, na wengine ya kidini. Kwa mada yetu lililo muhimu ni kwamba wagonjwa, waume na hata malaiboni walikubali mpaka: pepo la nje halitii kanuni za ndani.

Sheria ya nchi

Juu ya kanuni hizo zote ipo Sheria ya Uchawi, ambayo asili yake ni amri ya serikali ya kikoloni ya Tanganyika ya mwaka 1928. Leo ni Sura ya 18 ya Sheria za Tanzania. Sheria hiyo inamfanya mkosaji mtu anayejidai kuwa na nguvu za uchawi, anayemiliki au kugawa vyombo vyake, au anayetishia kuvitumia. Mkuu wa wilaya anaweza kumwamuru mshukiwa aishi mahali fulani. Upande wa pili ipo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Na. 23 ya mwaka 2002, inayomtambua mganga wa tiba za asili na kumtaka ajiandikishe.

Laiboni husimama katikati ya sheria hizo mbili. Mizizi yake ni tiba asili, lakini vijiwe vyake machoni pa polisi ni ramli. Tofauti hiyo si ya maneno tu. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, majibu ya wapiga ramli yamesababisha vikongwe kukatwa mapanga, na imani za kishirikina zimesababisha mauaji ya watu wenye ualbino. Kwa sababu hiyo Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza mwaka 2009 kufutwa kwa leseni za waganga wa jadi, na mwaka 2015 serikali ilipiga tena marufuku wapiga ramli. Neno lililozoeleka katika magazeti ni "ramli chonganishi", yaani ile inayomtaja jirani au ndugu kuwa ndiye mchawi.

Hapa kanuni za laiboni zinastahili kuangaliwa kwa haki. Uzito wake umewekwa kwenye kinga kuliko kwenye kumtaja mtu: anayekwenda na mkosi hutarajia kurudi na entasim na masharti. Haimaanishi kwamba hakuna aliyeumizwa na maneno ya laiboni. Lakini kumweka fungu moja na mpiga ramli anayeuza majina ya watu ni kutojua kazi yake, na kumwacha bila uangalizi wowote kwa kuwa "ni mila" ni kosa la upande wa pili.

Wengine wanaochanganywa naye

Mwaka 2011 maelfu ya watu walipita Arusha mjini kwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa "kikombe cha Babu". Mhusika, Ambilikile Mwasapile, aliyefariki mwaka 2021, alikuwa mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, wala hakuwa laiboni, ingawa Loliondo ni nchi ya Wamasai. Kanuni zake zilikuwa za aina nyingine: dawa aliyooneshwa ndotoni, itokayo katika mti wa mugariga, kikombe kimoja, shilingi 500, na sharti kwamba haifanyi kazi isipotolewa kwa mkono wake mwenyewe, palepale Samunge. Sharti hilo la mwisho ndilo lililosababisha foleni za kilomita nyingi, na wagonjwa kadhaa walifia njiani. Wengine waliacha dawa za hospitali.

Katika michezo ya kuigiza ya mezani

Siku hizi uganga wa Kiafrika unaingia pia katika michezo ya kuigiza ya mezani. Katika michezo hiyo wachezaji hukaa pamoja, kila mmoja hueleza atendalo mhusika wake, mwongozaji mmoja hueleza ulimwengu wao, na mambo yenye shaka huamuliwa kwa dadu. Ulioanzisha aina hiyo ni Dungeons & Dragons wa Gary Gygax na Dave Arneson, uliotolewa Marekani mwaka 1974. Humo uganga huhesabiwa kama risasi: mhusika ana maapizo kadhaa kwa siku, na likishatumika limekwisha. Makundi mengi huwa na kanuni zao za nyumbani zinazorekebisha zile za kitabuni, hasa kuhusu ulimwengu wa roho.

Mwaka 2002 kampuni ya Atlas Games ilitoa Nyambe, kitabu cha Christopher Dolunt chenye ulimwengu wa kubuni wa Kiafrika. Ndani yake msomi wa uganga huitwa "mchawi", na anaweza kuwa shujaa. Mwandishi alichukua neno la Kiswahili bila uzito wake, kwa maana hakuna Mswahili, Mwarusha wala Mmeru atakayejitambulisha hadharani kwa jina hilo. Kwa anayemtendea watu mema yapo maneno mganga, tabibu na, kwa nasaba yake, laiboni.

Kundi linalotaka kuweka mchezo wake chini ya Meru linaweza kupata kanuni za nyumbani kutoka katika yaliyoelezwa hapo juu, na zitakuwa ngumu kuliko za kitabuni. Laiboni hatupi moto. Haanzi jambo mpaka ujumbe ufike na zawadi. Dadu zake ni vijiwe, naye husoma idadi wala hashindani nayo. Hawezi kuondoa laana ya baba wala kufukuza pepo lililotoka pwani. Akikosea mara tatu, wajumbe wa rika linalofuata wataelekea boma la binamu yake.